Ulezi Ulioota Kitandani Kwetu

Ulezi unaoota una harufu yake. Ni ya udongo uliopata mvua, na ndani yake kuna utamu wa kuchacha kidogo. Mwenzenu nikiinusa, hata iwe nyumbani kwa watu nilikokwenda kutoa pole, najiona nina miaka tisa tena. Nimelala kwenye kitanda cha kamba kule Suma, na miguuni pangu kuna kapu la ulezi, limefunikwa kwa majani ya migomba na blanketi langu. Naam, blanketi langu. Mimi nilijifunika kanga ya mama.

Msinicheke, ulikuwa mwezi wa sita, na mnaoijua Rungwe mnajua baridi ya mwezi wa sita. Mwaka uliotangulia wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia, ushirika ukapunguza watu, na baba, aliyekuwa karani wa ghala, akarudi nyumbani na barua mkononi. Akauza ng'ombe wetu wa maziwa, akapata nauli na koleo, akaenda Chunya kuchimba dhahabu. Alituachia migomba, ahadi, na mdogo wangu Lusajo wa miezi mitatu. Migomba ilizaa.

Lusajo alipokaribia mwaka alikuwa amebaki kichwa na macho. Ngozi ya mapaja ilimlegea kama soksi ya kurithi. Uji mzito ulimshinda kumeza, na uji mwepesi ulikuwa maji tu. Nesi wa kliniki, dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora, alimwonyesha mama kadi ya mtoto: nukta ilikuwa imeanguka kwenye rangi nyekundu. Akamwambia bila kumficha kwamba mtoto asipoongezeka uzito mwezi ule, asitarajie kumleta tena. Kisha akamfundisha jambo moja. Aoteshe ulezi, aukaushe, ausage. Kijiko kimoja cha unga wa kimea hicho kikiingia kwenye uji mzito, uji hulainika wenyewe, mtoto akameza chakula na si maji.

Tukaanza kilimo cha chumbani. Ulezi ulilowekwa usiku kucha na mchana wake, ukatandazwa kwenye kapu. Jikoni baridi ilipenya kila upande, ndiyo maana kapu likaletwa kitandani. Kunyunyizia maji asubuhi na jioni ilikuwa kazi yangu, nami nilijiona bwana shamba. Siku ya tatu vilitokeza vijizizi vyeupe, halafu ncha za kijani zikasukuma majani ya migomba juu. Mama alikausha kwenye uchaga juu ya moto, akasaga. Lusajo alimeza. Wiki ya pili alinikamata kidole akakivuta, na mama akacheka kwa sauti, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau.

Ila harufu haifungiwi mlango. Kwetu mtu akiotesha ulezi ndani, watu wanajua anapika kimpumu, pombe inayonywewa kwa mirija, na kanisani kwetu kupika pombe kulikuwa mwiko. Jumapili moja baada ya ibada walikuja wazee wawili wa kanisa na miavuli yao. Wakauliza kwa upole, harufu hii ni ya nini. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na mlango, nikafungua mdomo niwaambie ni ya mtoto. Mama akaniwahi. Alimvuta Lusajo kifuani, akamfunika kanga mpaka nyayo, akasema:

"Ni kimea cha pombe, wazee wangu. Nimekosa."

Akatengwa. Meza ya Bwana hakuisogelea tena, kwaya ya akina mama ikamwondoa, akawa anakaa benchi la nyuma kabisa. Shuleni nikaitwa binti wa kimpumu. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mimi nami nikachanganyikiwa, maana mama yangu hakuwa mtu wa uongo. Nikaanza kusadiki kwamba sehemu ya ulezi ule tunampa Lusajo, na sehemu anaipika mahali nisipopajua. Nilimchukia, nasema kweli. Asubuhi moja alipokwenda kibarua cha kuchuma chai, nikabeba kapu la pili, lilikuwa limeota vizuri sana, nikawamwagia kuku.

Unga uliokuwapo uliisha baada ya siku mbili. Lusajo akarudi kutema. Siku ya nne hata kulia aliacha, akawa anatazama tu, na mimi nikaanza kuelewa nilichofanya. Ulezi mwingine ungehitaji karibu wiki. Mama aliniuliza mara moja, nikakiri, na sababu nikaitaja. Hakunipiga. Alikaa sakafuni na kapu tupu mapajani, akalia mpaka kamasi, nami nikatamani anipige.

Kisha akajifuta, akambeba Lusajo mgongoni, akanishika mkono. Ilikuwa mchana wa siku ya soko, njia imejaa wanawake waliomjua. Tulipita katikati yao moja kwa moja hadi kwa mama Ambokile, mpika pombe, mtu ambaye mama hakuwahi kukanyaga ua wake. Mama Ambokile alifunua kanga, akamtazama mtoto, akamfunika upesi. Akajaza mfuko.

"Mama Tupokigwe, hiki ni kimea cha pombe," alisema, akimwita kwa jina langu. "Akikuuliza mtu, mwambie hivyo hivyo."

Basi nikasadiki kabisa.

Lusajo alipona. Leo ni dereva wa lori, na mlango wa nyumba yangu humlazimu kuinama. Baba alirudi mwaka uliofuata bila dhahabu, na mama akasimama mbele ya kanisa zima akatubu pombe, akarudishwa mezani.

Miaka ikapita, nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, mume wangu akiwa safarini. Mtoto alipopungua kidogo, mama mkwe alimshika paja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sijambemenda. Mnaelewa maana yake: eti mama anayenyonyesha akilala na mwanamume, mtoto hukonda. Na kama mume hayupo, ni mwanamume gani? Nikamkumbuka Lusajo, nikaikumbuka kanga iliyovutwa mpaka nyayo.

Nilipanda kwenda Suma wiki ileile. Nikamuuliza mama, na nikamwomba radhi kwa lile kapu.

"Pombe nilijua watanisamehe," alisema. "Lile lingine wasingelisahau, na kila wakimwona Lusajo wangelikumbuka."

Nikamwambia kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi, niliyelala chumba kimoja naye nikinyunyizia ulezi ule kwa mikono yangu, niliamini uongo wake.

"Siku ile nililia kwa ajili ya mtoto," akasema. "Lakini nilipoona hata wewe umeamini, nikajua tumepona."