Beki Tuliyemwita Greda

Habari ya kifo chake ilinifika Jumatatu asubuhi, nikiwa nimeinamia meza nanyoosha shati. Simu iliita kwa namba ndefu ya ng'ambo, na kabla sijaketi nikasikia sauti ya mdogo wake anayeishi Kanada: "Shikamoo Mwalimu. Kaka ametutoka." Alikuwa amefia kwao, Burundi, kwenye kilima alikozaliwa. Alikuwa anapalilia mihogo, akasema kichwa kinamuuma, akaketi chini, na hakuinuka tena. Hakuwa ametimiza miaka hamsini. Niliuliza ugonjwa gani, nikaona aibu ya swali lenyewe hata kabla halijaisha kutoka. "Kichwa, Mwalimu," akasema. "Ni kile kile." Msomaji wangu wa kila wiki, umezoea kunikuta hapa nikitania wakubwa na kujitania mwenyewe. Leo usitegemee utani. Nina hasira tangu Jumatatu, na sehemu kubwa ya hasira hiyo haina pa kwenda isipokuwa kurudi kwangu.

Desturi ya safu hii ni kutotaja majina, nami nitaishika. Marehemu alikuwa beki wa kati wa timu moja ya hapa Kigoma miaka ile ya wakimbizi, wakati magari meupe yenye antena ndefu yalipojaa mjini na kila jiko la mtaani kwetu Buzebazeba lilikaanga dagaa kwa mafuta ya makopo ya msaada. Alitoka kambini kwa kibali cha siku chache, kumleta mama yake hospitali. Mama akalazwa, naye jioni akashuka uwanjani kutazama mazoezi. Walipungukiwa mtu mmoja, wakamwita. Kiongozi mmoja wa timu, mwenye duka la saruji na mabati kule Rusimbi, alimwona jinsi anavyoruka juu ya wenzake na jinsi watu wanavyomkwepa, akaamua hapo hapo kwamba kijana huyu harudi kambini. Kibali kilipokwisha alikuwa na chumba nyuma ya duka, na alikuwa na jina jipya. Lilikuwa jina la kijana wa Kiha aliyesajiliwa msimu uliopita kisha akaenda zake Urambo kulima tumbaku. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. Mzee wa Ujiji angemsikia mara moja kwamba ametoka ng'ambo ya mpaka, lakini refa aliyeletwa kutoka Dodoma angejuaje? Mimi mwenyewe, mtu wa Handeni niliyefika Kigoma kwa barua ya uhamisho wa ualimu, sikujua mpaka nilipoambiwa. Nilipoambiwa nilicheka, nikaona viongozi wetu wana akili.

Kazi yangu siku za mechi ilikuwa kushika kipaza sauti. Nilitangaza vikosi, nilichangamsha jukwaa, na nilikuwa na kipaji cha kubandika watu majina. Yeye nilimwita Greda. Wakati huo greda lilikuwa linachonga barabara ya kwenda Kasulu, na kila tulichokiona kikisukumwa pembeni tulikikumbuka Jumapili uwanjani. Watu walilipenda jina hilo kupita kiasi. Ukimwita mtu kwa jina la mashine, hutamuuliza kama ameumia, na sisi hatukumuuliza.

Sasa nieleze alichotakiwa kufanya, maana vijana wa leo wanadhani tulikuwa tunacheza mpira tu. Kocha wetu alikuwa na neno lake. Mshambuliaji wa timu pinzani akianza kutusumbua, kocha alinyanyuka benchini na kusema kwa upole kabisa, "Greda, kamsalimie namba kumi." Dakika chache baadaye namba kumi alikuwa chini anashika goti. Greda wetu alikuwa na mguu wa kulia unaopiga pasi kutoka kona moja ya uwanja mpaka nyingine, tuliuona mazoezini, lakini kocha alimwambia mbele yetu kwamba wa kupiga pasi wapo, yeye asalimie. Kuna siku alimvunja winga mmoja kifundo cha mguu. Kesho yake jioni nilimkuta kwenye lango la hospitali, ana chupa ya chai na kichane cha ndizi, anatoka wodini. Mama wa yule winga alikuwa amempokea na kumshukuru, bila kujua anamshukuru nani. Nikamwambia, kwa kejeli ya mtu asiye na lolote la kupoteza, kwamba kama roho inamuuma si aache. Akanitazama. "Mwalimu, siku nikiacha kupiga, napanda lori," akasema. Lori ni lile lililokuwa likirudisha watu kambini. Mama alikuwa bado anatibiwa mjini. Ndivyo alivyokuwa ameshikwa, na sote tuliokaa benchi lile tulijua ameshikwa wapi.

Halafu ikaja mechi na timu ya Tabora. Ilipigwa kona, akaruka yeye na mshambuliaji wao, vichwa vikagongana. Mlio ule nausikia mpaka leo. Yule wa Tabora alitolewa kwa machela, wenzake wakamfunika jaketi. Wetu alilala chali, macho wazi, haoni. Nilikuwa karibu na mstari, nikaingia pamoja na kocha na mtu wa ndoo ya maji. Kocha akamuuliza swali wanaloulizwa wote walioanguka: "Unaitwa nani?" Akajibu. Alitaja jina lake, lile la kweli, alilopewa na wazazi wake. Akataja jina la baba yake. Akataja kilima cha kwao. Alisema taratibu na vizuri, kama mtu anayejitambulisha ukweni, na kapteni wa Tabora alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Kocha alimziba mdomo kwa kiganja. "Hapana," akamnong'oneza, "wewe ni fulani," akamtajia jina la kwenye leseni ya mchezaji. "Sema." Akaambiwa tena mara mbili, mara tatu, huku anamwagiwa maji, mpaka akalisema. Refa alipouliza hali, kocha akajibu, "Yuko sawa, jina lake analijua." Wakamsimamisha. Nami, niliyeona yote, nilirudi kwenye kipaza sauti nikapiga kelele kwamba Greda halizimiki, na uwanja mzima ukaitikia. Alicheza mpaka filimbi ya mwisho. Wakati mmoja alisimama anatazama goli letu akidhani ndilo la kushambulia, na tulicheka sana. Tulishinda bao moja kwa bila.

Mwaka jana mdogo wake alinitumia video ya mchezo wa huko aliko, hoki ya barafuni. Yeye anafanya usafi katika ukumbi mmoja wanamocheza watu wa kulipwa, tena kulipwa hasa. Nilitazama kwenye simu nikiwa nimekaa barazani. Wachezaji wawili wanatupa glovu, wanakamatana jezi, wanapigana ngumi za uso kwa uso juu ya barafu. Waamuzi wamesimama pembeni wanangoja mmoja aanguke ndipo waingie kati. Adhabu yao ni kwenda kukaa dakika tano kwenye kibanda cha kioo, kisha wanarudi mchezoni. Nyuma ya kioo watu wazima wenye familia zao wamesimama wanapiga vifua. Nilimpigia nikamuuliza kama ndiyo mchezo wenyewe. Akasema siku hizi ngumi zimepungua, maana mabingwa wake wa zamani wengine wamekufa vibaya, na madaktari waliochunguza vichwa vyao wameona ubongo ulivyoharibika. "Lakini wakianza, Mwalimu, hakuna anayebaki kitini. Hata waliokwenda kununua chakula wanarudi mbio." Kisha akacheka kidogo. "Kaka angekuwa na gari huku." Nikamuuliza, na kichwa je? "Kichwa kingekuwa hicho hicho."

Wapo wanaoutetea mchezo ule, na hoja yao ninaijua kwa moyo kwa sababu kocha wetu alikuwa nayo bila kuona barafu maishani mwake isipokuwa ile ya kupozea samaki wetu wa migebuka. Wanasema mtu wa ngumi analinda wenye vipaji. Akiwepo, wachezaji wadogo hawaguswi. Ni kweli, wetu hawakuguswa. Walifunga mabao, wakabebwa mabegani, mmoja akachukuliwa na timu kubwa ya Dar es Salaam. Bei ya usalama wao ililipwa na kichwa kimoja, na mwenye kichwa hicho hakuwa na namna ya kukataa. Wanasema tena kwamba huo ni mchezo wa wanaume. Mbona basi wanaume hao hawakuchukua zamu? Mbona yule mwenye duka hakujitokeza hata siku moja kugongana na watu wa Tabora? Tulikuwa tunapenda kuona mtu anaumizwa, hiyo ndiyo habari yote, na tukatafuta mtu asiyeweza kutushitaki.

Msimu wa tatu alianza kufunga kitambaa kichwani. Mwanga ulimuumiza, alisahau nani anamkaba, mipira ikampita. Ulipofika msako wa wakimbizi mjini, mwenye duka ndiye aliyewaonyesha askari kile chumba cha nyuma, akasema huyu kijana hatumjui vizuri, alipanga tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Akapanda lori. Miaka ikapita, mama yao akafariki kambini, na ndugu hawa wawili wakaitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa nchi za mbali. Huko wanauliza tarehe, mahali, na majina yote uliyowahi kutumia. Yeye alichanganya. Siku moja alisema amezaliwa kwao, siku nyingine akasema amezaliwa Kasulu, kwa lile jina la leseni tulilomlazimisha kulisema akiwa amelala chali. Wahojaji wakaandika kwamba huyu hasemi kweli. Mdogo wake akapewa nafasi moja zaidi ya kuleta ushahidi, na akaja kwangu.

Alikaa barazani kwangu Buzebazeba, kofia magotini. "Mistari mitatu tu, Mwalimu," akaniomba. "Kwamba jina lile alipewa na timu. Kwamba aligongwa kichwa. Kwamba wewe ulikuwepo." Timu yetu ilikuwa inakaribia kupanda daraja, na ikijulikana tulichezesha mtu kwa jina la bandia tungepokwa kila kitu. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali na nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Nikamwambia aje Ijumaa. Ijumaa nilikwenda Ujiji tangu asubuhi, nikaacha maagizo nyumbani waseme nimesafiri. Alikuja mara mbili siku ile. Mwezi uliofuata aliondoka peke yake kwenda Kanada, na kaka yake akabaki mpaka kambi ilipofungwa na watu wakarudishwa kwao.

Jumatatu, kwenye simu, mdogo wake hakunikumbusha. Angenitukana ningepumua. Badala yake alinishukuru kwa kupokea simu, akaniuliza hali ya miguu yangu inayonisumbua, akanitakia siku njema. Wahenga walionya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi sidhani. Kwa hiyo somo la leo silitoi kama mwalimu, nalitoa kama mshitakiwa. Mtu akigongwa kichwa, mtoeni nje, hata kama mnaongoza kwa bao moja na zimebaki dakika tano. Na mnaokaa jukwaani mkidhani hamkumgusa mtu, jueni kwamba aliyeona akanyamaza naye amepiga. Mimi niliona kwa karibu kuliko wote. Sauti yangu ilijaza uwanja kila Jumapili, na siku nilipoombwa mistari mitatu nilijificha Ujiji.