Mtoto wa Sukari

Mimi nilikuwa mpishi, na keki yangu ilijulikana Iringa nzima, kwa Wazungu na kwa Wahindi. Sioni haya kulisema. Baba yangu alipanda bara kutoka pwani na biashara ya nguo, akataka nikae dukani nipime vitambaa, nami nikapenda jiko. Katika miaka ile ya hamsini niliajiriwa kwa mwalimu mmoja wa Kimarekani na mkewe, ambaye sote tulimwita memsabu. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, maana kila nikisimulia habari hii watu hutafuta wa kumlaumu, na huanza na yeye.

Mke wangu wakati huo alikuwa Mbeya kwa mama yake, akisubiri kujifungua. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika miaka miwili nyuma, ikiwa ya miezi minane, na wiki moja kabla ya hapo mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimenunua kofia ya mtoto, ya sufu, rangi ya manjano. Hakuna aliyenisema. Mama mkwe aliishika ile kofia kwa ncha za vidole, akaenda nayo nyuma ya nyumba, na sikuiona tena. Yeye alikuwa Mnyakyusa na mimi mtu wa asili ya pwani, lakini katika jambo hili tulifundishwa mamoja: mtoto ambaye hajalia hanunuliwi kitu, haitwi jina, hatandikiwi kitanda. Mimba ya pili ilipoingia, mke wangu alinishika mikono yote miwili akasema, "Safari hii mikono hii itulie." Nikamwapia.

Jumatatu moja ya Julai, baridi ya Iringa imekaza, dereva wa lori aliyetoka Mbeya alinikuta sokoni nikichagua mayai. "Mkeo miguu imevimba sana," akasema. "Mama yake anasema uje." Nikarudi mbio, nikamweleza memsabu. Akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga.

"Pole sana, mpishi. Wewe enda Ijumaa, kwa basi. Alhamisi iko karamu, mimi peke yangu hapana weza."

Kisha akanifunulia gazeti lenye picha. Rafiki yake, mke wa mpima ardhi, alikuwa mjamzito, na kwao wanawake hukusanyika kabla mtoto hajazaliwa, wakamletea mama nguo na nepi, wakala keki. Kabla! Nilidhani sijasikia vizuri, nikamwuliza mara mbili. Na keki yenyewe ilikuwa kitanda cha mtoto, chenye kibanda kichwani na shuka ya kukunjwakunjwa, nusu rangi ya waridi na nusu buluu kwa sababu hawakujua Mungu ataleta nani. Ndani ya kitanda alilala mtoto.

Ningesema nini? Kwamba mke wangu amenikataza? Ningecheka mimi mwenyewe kama ningekuwa yeye. Na kuacha kazi wiki ambayo mkeo anajifungua ni wazimu. Nikasema, "Ndiyo, memsabu," kama nilivyosema kila siku, nikaenda kuchochea kuni.

Jumanne nilioka. Nilitafuta ujanja wangu: nitafanya kitanda kitupu. Nilikata keki tatu nikazipanga, nikapaka siagi iliyopigwa na sukari, nikatandika shuka ya sukari ya unga iliyokandwa kwa ute wa yai. Rangi ya waridi niliitoa kwenye maji ya viazi sukari vyekundu vya bustanini. Kitanda kilikuwa kizuri, na nilidhani nimeponea hapo. Jumatano mchana memsabu akaja jikoni, akakizunguka, akapiga makofi. Halafu akainama.

"Mpishi, mtoto iko wapi?"

"Atakuja mwenyewe, memsabu."

Alicheka sana, akadhani namfanyia mzaha. Akaniwekea mezani sukari iliyobaki, akanipigapiga begani, akatoka.

Kwa hiyo nilimfanya. Na hapa ndipo ninapojichukia, maana sukari ilipokubali kukandika nilisahau. Nilisahau kabisa. Nilifinyanga kichwa, nikafinyanga ngumi mbili ndogo, nikamwekea vikunjo vya mikononi kama watoto walioshiba. Nilipofika kwenye uso nilitafuta karafuu mbili za macho, kisha nikaogopa asije akanitazama, nikachora macho yaliyofumba kwa ncha ya sindano. Kwa saa nzima sikumkumbuka mke wangu wala miguu yake. Nilikuwa napiga mluzi. Adhana ya alasiri ndiyo iliyonizindua, nikaona nimeshika nini.

Memsabu alipomwona alinong'ona, "Amelala!" na akafurahi kuliko kama ningemfanya macho wazi.

Alhamisi wale mama walikula kitanda chote, shuka na kibanda, lakini mtoto hakuna aliyethubutu kumtia kisu. Walimpitisha mkono kwa mkono wakimsifu. Walipoondoka, memsabu akamfunga kwa karatasi laini ndani ya boksi la viatu, akanipa kwa mikono miwili pamoja na nauli ya basi. "Zawadi," akasema. "Kwa mama na mtoto yako." Nilisimama pale na boksi langu. Yule mama alikuwa amenipa kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa nyumbani mwake siku ile, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa alfajiri nikapanda basi. Sikuweza kuliweka boksi juu pamoja na mizigo, mtoto angevunjika, nikalipakata. Mama mmoja wa Kihehe aliyekaa karibu yangu akaniuliza, "We baba, kitu gani hicho unabeba kama yai?" Nikamjibu, "Sukari," naye akanuna akadhani namnyima maneno.

Basi liliposimama Nyololo nilishuka nimtupe. Nilienda mpaka nyuma ya vichaka, nikafungua boksi, nikamwona na ngumi zake. Mkono ulikataa. Sikuweza kumwacha mtoto kando ya barabara siku ambayo naenda kumwona wangu. Nikarudi naye ndani, watu wakinitazama. Basi lilipoteremkia Chimala, joto la Usangu likaanza kumlainisha, shavu likang'aa kama lina jasho, na mimi, mtu mzima, nikavua kofia nikampepea mpaka Mbeya.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kigelegele, nami nikajua. "Ingia, baba," akasema. "Mtu yako iko ndani. Mtoto hakukaa."

Alikuwa wa kiume. Hakulia. Walikuwa wameshamzika, wanaume wa jirani wakishika nafasi yangu. Niliuliza alifanana na nani, na kila niliyemwuliza alitazama pembeni. Mke wangu naye hakuonyeshwa. Walimwondoa wakiwa wamemfunika, wakidhani wanamsaidia.

Nilimkuta amelala kwa ubavu, uso ukutani. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa bado na boksi, sikuwa na akili hata ya kuliacha nje. Akageuka akauliza nimeleta nini. Nikasema si kitu. Akanyoosha mkono akafunua mwenyewe.

Nilingoja apige kelele. Alimtoa kwenye karatasi, akamlaza kiganjani, akapitisha kidole juu ya vikunjo vya mikono.

"Nani kamfanya?"

"Mimi. Walinilazimisha." Nusu yake ilikuwa kweli.

"Mbona amefumba macho?"

Akaendelea kumtazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ulimfanya siku gani?"

Mama mkwe alikuwa ameniambia pale mlangoni. Mtoto alizaliwa Jumatano, alasiri.

"Alhamisi," nikasema. "Alhamisi asubuhi."

Alihesabu kwa vidole juu ya blanketi, polepole. "Alhamisi asubuhi tulikuwa tumeshamzika," akasema. Akashusha pumzi, akanishika mkono wa kulia. "Basi si wewe."

Tulizaa wengine wanne, wote wazima, na nimeona wajukuu wakinunuliwa nguo miezi mitatu kabla, wakazaliwa wakipiga kelele. Najua hayo yote. Mke wangu alifariki miaka mingi baadaye akiamini ilikuwa Alhamisi, na mimi sikupata siku ya kumwambia.