Miti Aliyoikumbatia Baba

Ungeniona Jumamosi iliyopita, rafiki yangu, ungenicheka hadi machozi yakutoke. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nimesimama porini nje ya Lubumbashi nauonea mti wivu. Ndiyo, mti!

Nilipokuwa mdogo, baba alifanya kazi na maprofesa katika muhulu, kile kipande cha msitu mzito kilichobaki nyuma ya nyumba yetu. Kila mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, walirudi kupima unene wa miti ileile ili wajue inavyokua. Na mti haupimwi kwa kuutazama tu. Baba alipitisha utepe nyuma yake, akaukumbatia, shavu kwenye gome. Mimi niliyaona hayo nikimpelekea bukari, ugali wetu wa huku, na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa karanga, masizi ya majani yaliyochomwa yakiniangukia kichwani.

Sisi watoto wake hakutukumbatia. Kwetu baba alipewa mkono, unapiga goti kidogo, basi. Siku moja nikanuna, nikakataa kula. Kambo, mama yake baba, akanitania: "Weye mutoto! Unaonea muti wivu? Iko na kinywa ya kula bukari yako?"

Mama alikuwa akichekecha unga. Akapaza sauti ili baba asikie, kama mke anayelalamikia mke mwenza: "Bibi wa baba yenu iko mu muhulu!"

Baba akacheka, akanawa mikono. Kesho yake nikaenda kusimama katikati ya miti, wima, mikono ubavuni, nimefumba macho. Nilimsikia akija, utepe ukikwaruza. Nikajinyoosha zaidi niwe mti kamili, jamani! "Toka mu njia, mama," akaniambia kwa upole, akaupita mwili wangu kwenda kwenye mti wa nyuma yangu.

Leo wachoma makaa wamemaliza pori lote la jirani. Nyumba yetu haipo, kambo hayupo, mama hayupo, baba tulimzika. Muhulu umebaki kwa sababu kila mwaka kuna mtu anayekuja kuuangalia. Jumamosi alikuwa mwanafunzi, binti mchangamfu, ameuzungushia mikono mti mkubwa.

"Mama, ona! Huu muti inanenepa bien, muzuri kabisa!"

Nikamuuliza kama wanajua ulivyokuwa zamani.

"Tunajua yote. Kuko baba moja alikuwa anaipimaka kila mwaka, mpaka alizeeka."

Nikamwambia vizuri sana, endelea na kazi. Kila mwaka, hadi akazeeka! Na mimi, mtoto wake wa kumzaa, hata mara moja.