Nyumba ya Mwisho Nkanka

Ndugu zangu mliobaki Uvira, kila mara mnaniuliza watu wa huku Cyangugu ni wangapi siku hizi, kana kwamba mnauliza bei ya chumvi. Mwaka ule wa hesabu ya watu nilikuwa mmoja wa walimu waliopewa madaftari, nikapangiwa kilima kimoja cha Nkanka. Nilikubali upesi. Mimi niliyezaliwa ukimbizini huko Kongo, nisiyewahi kuandikwa popote ila kama mgeni, nilitaka safari hii kila mtu aandikwe kwao.

Siku ya kwanza nilitoka Kamembe alfajiri kwa miguu, nikateremka upande wa ziwa. Nyumba nyingine zilikuwa na watu waliorudi kutoka Kongo kama mimi, wazazi wao walivuka Rusizi, mto wa mpaka, zamani kama wetu. Nyingine zilikuwa kuta tu, wenyewe waliuawa katika mauaji ya kimbari. Nyingine zilikuwa zinawangoja waliokimbilia Kongo baada ya mauaji hayo, wakiogopa kulaumiwa. Niliandika, nikapita.

Saa nane mchana nikafika kwa Maman Verediana, mjane mkulima, mkaidi kunishinda mimi. Nikamwuliza ni akina nani walilala pale.

"Tuko batu batatu," alisema. "Miye, mutoto wangu Fositini, na muke yake."

Nikaona mkeka mmoja na sahani moja. Huyo Fositini alichukuliwa na wimbi la wakimbizi hadi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akiwa bado mdogo. Wakati huo alikuwa seremala kule, na mkewe mama alikuwa hajapata kumwona. Nikasema sheria ni sheria, anaandikwa aliyelala hapa usiku wa kuamkia siku ya kuulizwa. Akasema basi nyumba yake iwe ya mwisho, siku ya tatu, na mimi niende nikamlete mwanawe. Eti mimi! Nilikasirika, lakini nilifunga daftari bila kuandika kitu.

Siku ya pili asubuhi nikamwachia mwenzangu nyumba zangu, nikavuka daraja la Rusizi ya Pili. Ng'ambo vita vilikuwa havijaisha, mfuko wangu ukapekuliwa mara mbili. Nilimkuta Fositini katika mtaa wa Kadutu, Bukavu, anapiga randa ubao wa mlango. Nikampa salamu za mama yake.

"Niko na woga, Mwalimu," alisema. "Banasema mwenye kurudia anafungwa."

Nikamwuliza ana kosa gani. Akasema alikimbia na miaka kumi na miwili, kosa atoe wapi? Nikamweleza kuhusu jirani zake waliorudi na wanalima. Akaendelea na randa yake. Hapo hasira zikanipanda.

"Mama yako anaidanganya serikali kwa ajili yako," nilimwambia. "Kesho nitaandika mtu mmoja, na nitaandika kwa wino."

Akainama tena juu ya ubao wake. Nilirudi peke yangu, nikijilaumu kwa ukali wangu.

Siku ya tatu alasiri, nyumba zote zimekwisha, nikapanda kwa Maman Verediana na moyo mzito. Alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Nikamwuliza tena, kama sheria inavyotaka, ni akina nani walilala hapa jana.

Hakuinua kichwa. Akasema kuelekea ndani, "Jibuni benyewe."

Akatoka Fositini. Nyuma yake mkewe, mtoto mgongoni, na kasichana kameshika kitenge cha mama yake. Walivuka jana ileile, jua likizama, nyuma yangu. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuwaambia.

Basi mkiuliza tena sisi ni wangapi, jueni nimejifunza kutomharakisha mama anayehesabu wanawe. Ila Maman Verediana naye alikuwa amekosea. Hawakuwa watatu. Nikaandika watano, kwa wino.