Kibodi za Maboksi

Mwalimu Coletha ananimalizia maboksi ya biskuti. Mimi, Mama Edda, nina duka mbele ya geti la shule ya msingi hapa Nangara, na boksi tupu kwangu ni mali, ndimo nawapangia wateja mayai. Lakini akiingia na ile "shikamoo mama" yake ya upole, najikuta nimeshatoa. Ana kitu yule binti!

Anayakata, anachora vitufe kwa kalamu ya wino mzito, kila herufi mahali pake. Basi, ndizo kompyuta za darasa la sita. Ya kweli ni moja, iko ofisini kwa mwalimu mkuu inachapa mitihani, na mtoto akiisogelea anafukuzwa kama kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

Sasa boksi halionyeshi ulichoandika. Kwa hiyo Coletha kaweka sheria: ukibonyeza, itaje herufi kwa sauti, akusikie ukikosea. Jamani, kelele zake! Wateja wangu huuliza leo kuna kwaya gani.

Mwezi uliopita akaja mgeni wa shirika fulani na kompyuta kwenye gari. Akasema wazi kwamba amechoka kuona mashine anazogawa zinafunikwa vitambaa bila kutumika. Mtoto mmoja ajaribu. Akiweza, zinashushwa, akishindwa, zinakwenda shule nyingine. Mimi nilikuwepo, mjumbe wa kamati ya shule. Coletha, aliyeziomba mashine hizo tangu aripoti kazini, akapitisha macho darasani. Akamwita nani? Edda wangu!

Mgeni akafungua kompyuta mezani, akamwambia aandike jina lake na anachotaka kuwa. Edda akainamisha kichwa. "E! D! D!" Wenzake nyuma wakadaka, darasa zima likawa linataja herufi. Akikosea wanapiga yowe, "Aaa, siyo hiyo!", naye anafuta. Mgeni akakunja uso.

"Mbona hatazami kioo?" akamuuliza Coletha. "Hajui kwamba maneno yanatokea pale juu?"

Coletha akainua boksi moja lililochorwa. "Mzee, boksi halina kioo."

Edda alikuwa amemaliza, mikono mapajani, macho bado kwenye vitufe, anasubiri kuambiwa kama amepata. Mgeni akamwinamia.

"Inua uso, mwanangu."

Akainua. *Edda Kasimiri. Nataka kuwa nesi.* Alisoma midomo ikicheza, akasoma tena, halafu akaruka kitini.

"Mwalimu! Yamebaki! Niliyoandika yamebaki!"

Coletha akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikasahau ujumbe wangu wa kamati, nikapiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Mgeni alikuwa dirishani akimwita dereva ashushe mashine zote, na alipogeuka kuifunga ile ya mezani, binti yangu aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba," akasema. "Subiri kidogo. Naandika jina la mwalimu wangu."