Neno Alilochomeka Mkalimani

Adau alikuwa mdomo wa akina mama wa Kidinka katika zahanati moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wao walisema Kidinka, yeye akamgeuzia daktari Gitau kwa Kiswahili, kisha akawarudishia jibu. Walimwamini, na bila imani hiyo hakuwa na kazi. Tatizo lilikuwa mdomo wake mwenyewe. Mwaka huo wa 2012, kila mwezi alitokwa na vidonda vyeupe ndani ya mashavu na chini ya ulimi, hata chai ya vuguvugu ikawa adhabu.

Na alivyokuwa msafi! Alipiga mswaki mara nne kwa siku, povu likimjaa hadi kidevuni. Kidonda kikitokea, alikipaka dawa ya meno moja kwa moja. Ilimchoma mpaka machozi, naye akaamini ndiyo inafanya kazi.

Asubuhi moja vidonda vilimfanya amumunye maneno, Gitau akashindwa kabisa kumwelewa, naye Adau akamweleza anavyovipaka. "Dada Adau, hebu lete hiyo dawa yako ya meno." Alipoletewa, daktari akasoma maandishi madogo ya nyuma, akagonga neno moja kwa kucha. "Sodium lauryl sulfate. Hii ndiyo inaleta povu. Si kila mtu inamsumbua, lakini wengine huenda inawachubua mdomoni, vidonda vinarudi tu. Tafuta isiyo na hii kitu, tujaribu miezi miwili. Na usipake kwenye kidonda!"

Lo! Adau akawakumbuka akina mama. Wiki nzima, kila mama aliyeleta mtoto mwenye vidonda mdomoni, daktari alisema asukutuliwe kwa maji ya chumvi. Naye, kwa kiherehere chake, alichomeka neno lake kwa Kidinka: "Na umpake dawa ya meno."

Kabla hajasema kitu, Abang, jirani yake, akaingia na binti aliyelegea begani. Siku mbili mtoto hajala kwa sababu ya vidonda mdomoni.

"Muulize amempaka nini," akasema Gitau.

Adau akauliza. Abang akamshangaa. "Si ile uliyoniambia, dada? Asubuhi na jioni, hata akilia."

"Amesema nini?" akauliza Gitau.

Jamani, kusema maji ya chumvi tu kungekuwa rahisi kiasi gani! Nani angejua?

"Anasema alimpaka dawa ya meno. Anasema ni mimi niliyemwambia."

Kisha akamgeukia Abang, akamwambia kwa Kidinka kwamba daktari hakuwahi kusema hivyo; neno hilo alilichomeka yeye mwenyewe, Adau.