Ana na Eliza Wamemsusa Aneliza

Nisameheni kukawia kuandika, dada zangu. Leo tumembatiza binti, na nyumba haikaliki.

Mchungaji aliuliza jina.

"Ana!" akadakia mama mkwe. Ni jina lake.

"Eliza!" mama yangu naye akapaza sauti, akitaka lake.

Mbele ya kanisa zima, jamani!

Nikasema, "Aneliza, mchungaji. Ana ni neema, Eliza ni kiapo cha Mungu. Kila bibi ana sehemu yake."

Mnadhani walifurahi?

Mama: "Kwa nini Ana atangulie?"

Mama mkwe: "Waitu, jamani, langu mmelikata mkia!"

Mmoja amerudi Buganguzi, mwingine Nshambya, kila mtu na mkungu wa ndizi alioletea sherehe.

Aneliza wangu amelala. Jina silibadilishi.

Nitumieni sabuni, kanga ya kumbebea, na ndizi za kesho.